Sheria za Ajabu: Zifutwe au Ziachwe Zilale?

Orodha za sheria za ajabu husambaa upesi kuliko sheria zenyewe, na nyingi huwa zimechanganya kweli na uzushi. Msomaji huambiwa kwamba ni kosa kufia ndani ya Bunge la Uingereza, au kwamba ni marufuku kufa katika mji wa Longyearbyen, kwenye visiwa vya Svalbard vya Norway. Hakuna sheria ya namna hiyo huku wala kule. Tume ya Kurekebisha Sheria ya England na Wales ilivichambua visa vya aina hii mwaka 2013, na hicho cha bungeni haikukiona katika sheria yoyote. Longyearbyen nako, kilichokoma ni kuzika majeneza, kwa kuwa ardhi iliyoganda mwaka mzima haiozeshi maiti.

Uzushi ukishapepetwa, zinabaki sheria za kweli, na hizo nazo hazifanani. Zipo zinazoonekana za ajabu kwa sababu tu mgeni hajui kilichozileta. Singapore ilipiga marufuku uingizaji na uuzaji wa chingamu mwaka 1992, baada ya watu kuzibandika kwenye vihisi vya milango ya treni na kuvuruga safari. Kutafuna kwenyewe hakukufanywa kosa, na tangu 2004 chingamu za tiba zinapatikana kwa wafamasia na madaktari wa meno. Uswisi, kwa kanuni za mwaka 2008, haimruhusu mtu kufuga simbilisi mmoja peke yake, maana ni mnyama anayeishi kwa kundi. Ufaransa inaruhusu mtu kufunga ndoa na marehemu kwa idhini ya Rais. Jambo hilo hushangaza hadi ukumbuke bwawa la Malpasset lililobomoka Desemba 1959 na kuua zaidi ya watu 400, na mchumba mjamzito wa mmoja wao akaomba asinyimwe ndoa waliyokuwa wamekwisha kuahidiana. Sheria hizi mtu anaweza kuzipinga, lakini kuzicheka kabla ya kuuliza sababu yake ni uvivu.

Mjadala hasa uko kwenye sheria ambazo sababu yake imekufa, au inadhaniwa imekufa, nazo bado zimo vitabuni. Wanaotaka ziachwe wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa. Muda wa mabunge ni haba, na sheria isiyotumika haimgusi mtu. Tena ukale wa maneno si ukale wa lengo. Mfano unaopendwa sana ni ule wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1872, ambayo humtia hatiani mtu mlevi anayesimamia ng'ombe au injini ya mvuke mahali pa umma. Wanaousimulia kwa kucheka huishia hapo, ilhali kifungu hichohicho kinamtaja pia mlevi aliye na bunduki yenye risasi. Mwenye haraka ya kukifuta kwa sababu ya ng'ombe angeitupa na bunduki. Aidha, nyingine hujifia zenyewe. Amri ya Paris ya mwaka 1800 iliwataka wanawake kupata kibali cha polisi kabla ya kuvaa suruali, ikalegezwa 1892 na 1909 kwa mwanamke aliyeshika usukani wa baiskeli au hatamu za farasi, na hatimaye mwaka 2013 waziri wa haki za wanawake akatamka kwamba haikuwa tena na nguvu, kwa kuwa inapingana na usawa uliomo katika Katiba.

Usimwamshe aliyelala, utalala wewe, ndivyo wanavyoweza kusema wenye msimamo huo. Shida ni kwamba si wao peke yao wanaoweza kumwamsha. Mwaka 1817, mbele ya mahakama ya Uingereza, Abraham Thornton, aliyeachiwa na baraza la wazee wa mahakama kisha akashtakiwa upya na ndugu wa marehemu kwa mauaji yaleyale, alitupa glavu sakafuni na kudai haki ya kale ya kuamua kesi kwa kupigana. Majaji hawakuwa na la kufanya, kwani haki hiyo haikuwa imefutwa. Mshtaki alikataa pambano, Thornton akaenda zake, na Bunge likaifuta haki hiyo mwaka 1819. Ni kweli kwamba Scotland inakubali sheria za bunge lake la kale kupoteza nguvu kwa kutotumika muda mrefu, lakini England haina kanuni hiyo.

Kisa cha Japani ndicho kinachonivuta upande wa kufuta. Sheria ya mwaka 1948 ilizuia kumbi zisizo na leseni kuruhusu watu kucheza dansi, na hata zenye leseni zilibanwa na saa za usiku. Lengo lilikuwa kudhibiti ukahaba uliohusishwa na kumbi hizo. Kwa miongo mingi polisi walifumba macho, vijana wakacheza hadi alfajiri, na wafanyabiashara wakawekeza fedha zao. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2010, hasa mjini Osaka, misako ikaanza. Aliyeamka jana akiwa mfanyabiashara akalala mtuhumiwa, bila herufi moja ya sheria kubadilika. Sheria iliyolala haimwachi raia huru; inamwachia ofisa uamuzi wa lini na kwa nani iamke, na huo ni uwezo ambao hakuna bunge lililokusudia kumpa.

Japani iliirekebisha sheria hiyo mwaka 2015, na tangu Juni 2016 kumbi zenye kibali zinaweza kuruhusu dansi usiku kucha, ila sharti mwanga ndani uzidi luksi 10 (luksi ni kipimo cha mwanga). Sababu ya namba hiyo bado inajulikana, kwamba giza lisifiche maovu, kama ilivyojulikana ile ya mwaka 1948 ilipokuwa mpya.