Dada wa kaunta hajakupandishia wewe tozo

Hii tabia imenichosha jamani. Mtu anaingia kwa wakala wa hela za simu kutoa hela, muamala umechelewa dakika mbili tu, keshaanza kusonya, "we dada vipi, kazi huiwezi?" Dada wa watu mtandao sio wake, anasubiri meseji kama wewe unavyoisubiri, na ikikwama ndo yeye atakayeshinda anapiga simu huduma kwa wateja wakati floti yake, yaani hela yake ya kufanyia kazi, imekaa tu haifanyi kazi.

Halafu kabla M-Pesa haijaingia Tanzania mwaka 2008 hela ya mama kijijini tulikuwa tunampa kondakta wa basi kwenye bahasha, unakaa unaomba Mungu ifike, na ikifika kesho kutwa unashukuru kabisa. Tulikuwa tunaweza kusubiri. Sasa hivi kila kitu kimekuwa cha haraka mpaka mtu akicheleweshewa kidogo anaona amedharauliwa, na ule msemo wa mteja ni mfalme umetuharibu zaidi, maana wengi tumeelewa kwamba mfalme kazi yake ni kufoka.

Na kinachonishangaza watu haohao wenye haraka ndo hawataki kitu kibadilike. Mnakumbuka Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ilivyopigwa marufuku? Rwanda walishaachana nayo tangu 2008, Kenya 2017, lakini huku kwetu ilikuwa kama dunia inaisha, ooh nyama tutabebea wapi, ooh samaki je. Mama wa genge akikwambia mfuko mbadala unauzwa anaitwa mwizi, kana kwamba sheria kaitunga yeye pale kwenye meza ya nyanya! Wakati mama zetu walienda sokoni na kikapu cha ukindu miaka yote kabla hatujazoea kupewa rambo bure kwa kila kitu mpaka ndimu mbili. Leo watu wanatembea na mifuko yao kwenye mkoba wala hakuna anayeongelea tena.

Sasa sisemi watu wanyamaze, hapana. Kuna mabadiliko ni ya kupingwa na tuyapinge kwa nguvu. Tozo za serikali kwenye miamala ya simu zilipoanza Julai 15, 2021 zilikuwa zinafika mpaka shilingi 10,000 kwa muamala mmoja juu ya makato ya kawaida, yale yalikuwa maumivu ya kweli, mtu anatuma ada ya mtoto anakatwa pande mbili. Watu wakapiga kelele nchi nzima, na Septemba serikali ikashusha kwa asilimia 30. Kelele zilifika kwa wenye kuamua ndo maana zikafanya kazi. Lakini yale matusi ya kwenye vibanda yalimshushia nani tozo? Wakala kapoteza wateja, kamisheni imepungua, na bado anatukanwa yeye.

Makampuni ya simu nayo yana lawama, tena kubwa. Yanabadilisha menyu usiku, yanabadilisha makato, mteja anakuja kujua akiwa tayari kwenye foleni na mtoto mgongoni, halafu mfanyakazi wa kaunta nae kaambiwa asubuhi hiyohiyo au hajaambiwa kabisa. Hasira inatoka wapi kama sio hapo? Tuma meseji wiki mbili kabla, kwa Kiswahili cha kueleweka, weka bango mlangoni, na huyo kijana wa kaunta mpe namba ya bosi anayepokea simu kweli ili mteja akilalamika asiishie kwake.

Na wewe ukiona umekatwa visivyo omba risiti au tunza meseji ya muamala, anza na kampuni yenyewe, wakikuzungusha nenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, malalamiko ya huduma za mawasiliano wanapokea. Ikiwa ni kodi au tozo, mbunge wako yupo, msumbue huyo.