Walimfunga Askofu, Leo Wanamkusanyia Hela

Ndugu zangu huko nyumbani Tanzania wakibishana juu ya dini na serikali, lazima mmoja aseme, "Angalieni wenzetu Ulaya, walishatenganisha zamani." Mimi naishi Köln, Ujerumani. Salari slipu yangu ya kila mwezi ina kodi ya kanisa, asilimia 9 ya kodi ya mapato, na anayeikusanya si katekista mwenye daftari la zaka, ni mamlaka ya kodi ya serikali. Ukitaka kujitoa kanisani, unakwenda mahakamani na kutia saini.

Na hapa Köln ndipo serikali ya Prussia, dola kubwa kuliko zote katika Ujerumani ya wakati ule, ilipomfunga Askofu Mkuu Paulus Melchers mwaka 1874. Sheria za Mei 1873, zilizosimamiwa na waziri Adalbert Falk chini ya Kansela Bismarck, mkuu wa serikali, zilitaka serikali iwe na kauli juu ya masomo ya mapadri na parokia wanazopangiwa. Maaskofu wakagoma kuomba ruhusa. Zikaja faini, kisha jela. Melchers alipotoka akakimbilia Uholanzi. Mwaka 1875 mashirika ya kitawa yakapigwa marufuku, isipokuwa yanayouguza wagonjwa. Bismarck aliambulia nini? Wakatoliki wakajazana kwenye chama chao cha Zentrum, kikapata viti 91 bungeni mwaka 1874. Kufikia 1887 sehemu kubwa ya sheria zile ilikuwa imelegezwa au kufutwa.

Kwa sisi watu wa Ruvuma habari hii si ya mbali. Abasia ya Beuron, monasteri ya Wabenediktini huku Ujerumani, ilifungwa katika msukosuko huo, na mmonaki wake mmoja, Andreas Amrhein, ndiye aliyeanzisha mwaka 1884 shirika lililokuja kuwa la Wabenediktini wa St. Ottilien, wale wa Peramiho na Ndanda. Walipofika Dar es Salaam mwaka 1888, Kansela alikuwa Bismarck yuleyule! Koloni lilihitaji wamisionari, basi watawa wakawa watu wazuri.

Kilichobaki mpaka leo ni ndoa ya serikali. Tangu 1876, Ujerumani nzima, ndoa inayotambulika ni ile ya kwa msajili, na padri aliyewafungisha wenzi kabla hawajaenda kwa msajili alikuwa anavunja sheria, hadi katazo hilo lilipoondolewa mwaka 2009. Kwetu padri au sheikh mwenye leseni anafungisha, cheti kinatoka, mnaenda kula pilau. Inapendeza, ila mimi ningependa twende kwa msajili kwanza. Nimeona wajane waliofungishwa na watu wasio na leseni wakihangaika kuthibitisha ndoa wakati wa mirathi, huku mashemeji wamekunja nne.

Kodi ya kanisa, hapana, ibaki hukuhuku. Paroko wetu akitaka bati za kanisa, asimame baada ya misa aombe, na mwaka ujao tumuulize bati ziko wapi.