Kiambishi -d- cha Wagermani wa kale kilitoka wapi?

Hakuna kitabu kilichoandikwa kwa lugha mame ya Kigermaniki, ile iliyozaa Kiingereza, Kijerumani na lugha za Skandinavia. Vitenzi vyake hujengwa upya kwa kulinganisha lugha zilizotokana nayo, na kila umbo lililojengwa hutiwa kinyota mbele. Ushahidi wa karibu zaidi ni michoro ya runi, herufi za kale za Wagermani, kama ule wa pembe ya dhahabu iliyopatikana Gallehus, Denmark, mwaka 1734. Fundi wa takriban mwaka 400 alichora mwishoni: *horna tawido*, "nilitengeneza pembe". Hiyo -d- ya wakati uliopita ndiyo inayozua ubishi.

Kundi moja linasema ni kitenzi cha "kufanya" kilichogandana na kitenzi kingine. Hoja yao nzito iko katika Kigothi, lugha ya Biblia ya Askofu Wulfila ya karne ya 4: *salboda* ni "alipaka mafuta", lakini "tulipaka" ni *salbodedum*. Sasa tazama Kijerumani cha Kale cha Juu, ambako *tātum*, likisimama peke yake, ni "tulifanya". *E* ndefu ya Kigothi hulingana na *ā* ya Kijerumani hicho, kwa hiyo -*dedum* na *tātum* ni umbo lile lile. Sisi wenye *nilisoma*, ambamo -li- ni kitenzi kile kile cha *aliye* na *nilipo*, hatuna sababu ya kushangaa.

Kundi la pili linashika maneno ya Kigothi *wissa*, "alijua", na *þahta*, "alifikiri". Sauti *ss* na *ht* hutokea mzizi unapokutana na *t*, ilhali "kufanya" kilianza na *dh*. Wao wanaanzia kwenye kivumishi cha kitenzi chenye -*to*-, kama "kilichojulikana". Kisauti wako sawa kabisa. Kimaana wanakwama: kivumishi cha kutendwa kiligeukaje kuwa "alijua", tena kikabeba nafsi?

Mimi naegemea upande wa "kufanya", na *wissa* naiona kama kitenzi kilichovutwa na kivumishi chake cha zamani. Ndiyo maana sikubaliani na majedwali ya lugha mame yanayoandika wingi mfupi, *\*salbōdun*, "walipaka". Kijerumani kilichosema *salbōtum*, "tulipaka", kingeweza kudondosha silabi iliyojirudia. Kigothi kuotesha silabi mpya, ikaangukia sawasawa kwenye umbo la *tātum*, ni bahati ambayo siwezi kuiamini. Kinyota kikae mbele ya *\*salbōdēdun*.