Jino la mtoto likichelewa, tazama upande wa pili

Mtoto aking'oka jino la utotoni na kukaa na pengo miezi mitatu, nyumba nzima hushika tochi. Shangazi anasema wa kwake aliota haraka, mwingine anashauri fizi zisuguliwe, na mtoto mwenyewe, ambaye pengo halikuwa likimsumbua hata kidogo, anaanza kuziba mdomo akicheka. Kulinganisha watoto ndiko kunakotupoteza. Meno ya kudumu ya katikati ya juu kwa kawaida huota kwenye umri wa miaka 7 hadi 8, lakini wapo wanaotangulia na wanaochelewa, na hawana tatizo lolote.

Kipimo ninachokiamini mimi ni mdomo wa mtoto huyohuyo. Meno huota kwa jozi. La kushoto likishaota, miezi sita ikapita na la kulia halijaonekana, hapo pana la kuuliza. Vilevile la pembeni likiwahi kabla ya la katikati. Huenda kuna jino la ziada lililojificha na kuziba njia, na hilo linataka eksirei, si tochi ya simu.

Tena, kabla hujalitupa jino lililong'oka, ligeuze. Lililotoka kwa wakati wake halina mzizi wa maana. Umeyeyushwa na jino la kudumu linalosukuma kutoka ndani, na kinachobaki ni kama kikombe kidogo chenye kingo za kukwaruza. Likiwa na mzizi mrefu, kwa kawaida limetoka kabla ya zamu yake, ama kwa kuanguka, ama kwa kung'olewa baada ya kuoza. Gego la utotoni likitolewa kwa mtoto wa miaka 5, jino la kudumu la kulirithi huota mtoto akiwa na miaka 10 hadi 12. Katika kungoja huko, gego la kudumu la nyuma yake husogea mbele na kula nafasi.

Ndiyo maana ile kauli ya "yaache yaoze, si yatang'oka tu" inaniudhi kuliko kuchelewa kwenyewe. Daktari wa meno ana kifaa cha kushikilia nafasi, ila umpelekee mtoto mapema.

Na kuchanja fizi nyumbani ili jino litoke? Hapana. Fizi iliyofunga muda mrefu huwa ngumu kweli, na daktari anaweza kuifungua akishaona kwenye picha kwamba jino limefika. Wewe hujui kilichopo chini. Wapo watoto ambao jino la kudumu halikuumbika kabisa, na kwao lile la utotoni, kama bado lipo na likatunzwa, linaweza kudumu hadi utu uzima.