Bi Mdogo Kanifungia Nje

Kwanza nieleze habari ya jina, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nilipewa pole na watu nisiowajua.

Mwanangu ana jina zuri tu kwenye kadi ya kliniki. Ni la bibi yake mzaa baba. Sasa niambieni, nitamkaripiaje mtoto kwa jina la mama mkwe? "Wewe Fulani, toa kidole puani!" Na mama mkwe mwenyewe kaja kututembelea, kakaa mkekani anachambua mchele. Haisemeki. Kwa miezi kadhaa nikawa namwita "wewe" na "hebu".

Aliyetuokoa ni wifi yangu. Alikuja siku moja akamkuta binti kwenye shughuli yake ya kila jioni: mimi nikikaa kochini karibu na mume wangu, yeye huja mbio, hujipenyeza katikati, hunisukuma kwa makalio mpaka nifike ukingoni, kisha hunionyesha kidole. "Mama, toka." Wifi alicheka mpaka akashika ubavu. "Kaka, hongera, umeongeza! Huyu ndiye bi mdogo wako." Jina likaganda hapohapo. Alipofikisha miaka miwili na ushee, nyumba nzima ilimjua kwa hilo, na ukimwita lile la kadi hageuki.

Nyumba yenyewe ipo Manzese. Ukishuka mwendokasi kituo cha Tip Top unaingia ndani, unaingia tena, halafu unauliza. Ni nyumba ya wapangaji wengi. Sisi tuna chumba na sebule za mbele, mlango unafungukia barazani, na baraza linatazama njia. Madirisha yana nondo kama ya Dar es Salaam yote, mwizi hapiti, na siku hiyo tuligundua kwamba hata mwenye chumba hapiti.

Halafu kuna komeo. Zamani lilikuwa juu. Likang'oka, baba mwenye nyumba akasema hilo ni la mpangaji, fundi akaja akakuta mbao ya juu imeliwa na mchwa, akalishusha chini ambako mti bado mzima. Mume wangu akapima kwa macho akasema Bi Mdogo halifikii. Ilikuwa Januari. Watoto wana tabia ya kutobaki Januari.

Jumamosi yenyewe ilikuwa siku ya shughuli ya wifi yuleyule, anaolewa. Sare ilikuwa dera la zambarau lenye maua ya dhahabu, nimelichangia kidogokidogo tangu kabla ya Ramadhani. Lilikuwa limepigwa pasi, limetundikwa kwenye mlango wa kabati, hata mimi mwenyewe nilikuwa nikipita nalipisha. Mume wangu alikuwa kazini dukani, Kariakoo. Nilimwogesha Bi Mdogo ndani ya beseni, nikamfuta, nikamwambia, "Kaa hapo, mama anamwaga maji." Nikatoka barazani na kanga moja kifuani, maana nami nilikuwa naelekea kuoga. Nikamwaga maji. Nyuma yangu nikasikia: kwaa!

Komeo.

"Mwanangu, fungua."

Kimya.

Nikagonga. "Hodi!"

"Tayibu!" akajibu, kwa furaha kabisa.

Hiyo nilimfundisha mimi. Mtu akisema hodi, unamwambia karibu. Alikuwa kaishika barabara, wageni humsifia. Somo la kumfungulia mgeni tulikuwa bado hatujalifikia.

"Hodi!"

"Tayibu!"

"Fungua basi, mama."

Kimya. Nikasikia miguu midogo inaelekea chumbani, kwenye kabati.

Jirani yangu anayekaanga maandazi alikuja na mwiko mkononi. Akanitazama juu mpaka chini, akarudi ndani kwake kuniletea kanga ya pili nijitande mabegani. Mungu ambariki, ila angechagua nyingine. Niliivaa bila kuisoma. Mgongoni ilikuwa imeandikwa HASIDI HANA SABABU.

Wapangaji wakakusanyika. Kila mmoja akapiga hodi yake, kila mmoja akakaribishwa. Mama mwenye nyumba akajaribu kwa upole: "Bi Mdogo, njoo uchukue pipi." Sauti ikatoka ndani: "Lete." Muuza lambalamba alikuwa anapita na baiskeli, tukamsimamisha apige kengele yake dirishani. Bi Mdogo akachungulia. Kona moja ya wavu wa mbu aliitoboa mwenyewe siku nyingi. Akapitisha mkono hapo, akapokea lambalamba, akarudi zake ndani. Nikalipa deni kwa mkopo, pochi iko kabatini.

Dada mmoja wa chumba cha nyuma, yeye hana mtoto, akaona sisi wote tunabembeleza mno. Akaweka mdomo dirishani akasema kwa sauti nzito: "Nesi anakuja na sindano!"

Sasa huyu mtoto alichomwa ya surua na rubela akiwa na miezi 9, akachomwa tena ya pili akiwa na miezi 18, na ile ya pili anaikumbuka. Nesi alimsifia, akampa na kitufe cha kuchezea, lakini Bi Mdogo hasahau. Tukasikia kitu kinaburutwa. Ndoo ya unga. Akaja kuiegesha mlangoni kwa ndani, halafu akaingia uvunguni. Yule dada akaombwa arudi chumbani kwake.

Hapo ndipo mama mwenye nyumba, mwenye sauti iliyozoea kudai kodi mpaka mwisho wa korido, alipomjibu jirani wa ng'ambo aliyeuliza kuna nini: "Bi Mdogo kajifungia ndani! Mwenzie yuko nje tangu saa ngapi na kanga!"

Ng'ambo ya njia kuna kijiwe cha bodaboda. Wakanitazama. Wakaisoma kanga. Mmoja akawasha pikipiki akaondoka, na mimi katika ujinga wangu nikadhani kapata abiria.

Kumbe kaenda kwa mjumbe.

Mjumbe wetu ni mtu mzima, mwenye heshima zake, na sikio lake la kushoto lilishastaafu. Alikuja na kofia na daftari. Nikamwambia, "Shikamoo mjumbe, samahani, hili jambo si kama—" Akainua kiganja. "Marahaba. Subiri, mwanangu. Nitasikiliza pande zote." Akasogea dirishani, akalitega sikio la kulia kwenye pazia.

"Hodi humu ndani!"

"Tayibu!"

Akatugeukia. "Mnaona? Ana adabu." Akarudi kwenye pazia. "Bi mdogo, mimi ni mjumbe wako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mume akiwa na wake wawili au zaidi, wote wana haki sawa na hadhi sawa. Hakuna mkubwa wa kumnyanyasa mdogo, wala mdogo wa kumfungia mkubwa nje. Unanielewa?"

"Eee."

"Sasa unafanya nini humo?"

"Napaka."

"Ukimaliza kujipaka utafungua?"

"Eee."

Mjumbe akafunga daftari. "Mbona mtu wa kuelewana kabisa! Mmemwonea tu." Ningetegemea wapangaji wenzangu wamfahamishe. Jirani wa maandazi alikuwa kajifunika uso kwa aproni, mabega yanatikisika. Wengine walikuwa wamekaa chini. Mimi nilikuwa bado naliwaza lile neno "napaka". Kwenye meza ya kioo kulikuwa na poda, wanja, rangi ya mdomo nyekundu na mafuta ya nazi ya chupa nzima.

Simu yangu ikaita ndani. Nikaijua, ni mlio wa mama yangu, Tanga. Kupokea simu Bi Mdogo anajua kuliko babu yake, na spika anaibonyeza kwa kutojua, kwa hiyo baraza zima lilisikia.

"Haloo, mjukuu wangu! Mama yuko wapi?"

"Nje."

"Anafanya nini nje?"

Akafikiri. Ni mtoto mkweli. "Nguo hana."

"Eti nini?"

"Mama nguo hana. Watu mingi."

"Mama!" nikapiga kelele dirishani. "Mama, mimi mzima!" Kumbe sauti yangu ilifika Tanga kama kilio. Simu ikakatika.

Huko Kariakoo, mume wangu alipata simu mbili zikifuatana. Ya kwanza ya rafiki yake wa kijiweni: "Kaka, wahi nyumbani, bi mdogo kamfungia bi mkubwa nje, mjumbe kashafika." Ya pili ya mama mkwe wake: "Baba, nimekupa binti yangu na nguo zake. Nguo ziko wapi?" Alikuwa akihudumia mteja. Wenzake dukani wakanyamaza. Akajitetea kwamba Bi Mdogo ni mtoto wake. Mzee mmoja anayeuza vitambaa duka la pili akamwambia taratibu, "Sikulaumu kwa kuoa. Nakulaumu kwa kula pilau peke yako." Akakimbilia Gerezani kupanda mwendokasi.

Sisi huku tukamleta fundi wa kuchomelea akate nondo moja. Akaja na mashine yake, akatafuta pa kuchomeka, umeme hakuna. Haukukatika, uniti za LUKU ndizo zilikwisha. Mita ni moja kwa nyumba nzima, na kila mpangaji alikuwa na maelezo mazuri kwa nini safari hii si zamu yake. Mwenye friji akasemwa. Mwenye pasi akasemwa, naye nilikuwa mimi, kwa ajili ya lile dera. Mjumbe akafungua daftari upya, maana hili sasa lilikuwa shauri analoliweza. Wakati wote huo Bi Mdogo alikuwa akija dirishani mara kwa mara kututazama. Safari moja alipitisha mkono kwenye tundu la wavu akanipa nusu biskuti iliyolowa lambalamba. "Mama, kula." Nikaila. Sijawahi kutembelewa gerezani, lakini nadhani ndivyo inavyokuwa.

Mume wangu akatokea mbio, shati limegandana na mgongo, kundi likampisha huku likimpima. Hakuuliza kitu. Aliniona nimekaa kwenye ukingo wa baraza na kanga zangu mbili, mabaki ya biskuti mdomoni, akaja akakaa kando yangu akashusha pumzi. Kwa kuchoka tu, akanizungushia mkono begani.

Pazia likafunguka kidogo.

"Baba?"

"Naam, mama."

Macho yakahama kutoka kwake mpaka kwangu, yakashuka mpaka kwenye nafasi iliyokuwa katikati yetu, ambayo haikuwepo. Pazia likaanguka. Tukasikia ndoo ya unga inasukumwa, inapinduka. Tukasikia komeo linahangaika, kwaa. Mlango ukafunguka wote.

Alitoka amevaa dera langu. Lilikuwa linamfuata kwa nyuma kama maji ya mto, zambarau kwa juu, nyeupe ya unga kwa chini, na katikati madoa ya mafuta ya nazi yenye ukubwa wa viganja vyake. Uso ulikuwa mweupe kwa poda. Rangi ya mdomo ilianzia puani ikaishia kidevuni. Wanja alikuwa kapaka jicho moja, la pili sijui aliishiwa na hamu. Hakumtazama mtu, wala mjumbe, wala fundi. Akaja moja kwa moja, akajipenyeza, akanisukuma kwa makalio mpaka nikafika ukingoni, kisha akanionyesha kidole.

"Mama, toka."

Mjumbe akavua kofia. Akamtazama Bi Mdogo, akanitazama mimi, akatazama daftari. "Huyu," akasema, "ndiye niliyekuwa naongea naye?" Kisha akainama akampa mkono, na binti akamsalimu "chikamoo" vizuri kabisa. Fundi alidai hela ya kutoka ingawa hajakata hata waya, akapewa, kwa kuwa alishabeba mashine. Mama yangu nilimpigia nikamweleza yote, akasema anaelewa, kisha akaomba azungumze na mume wangu faragha.

Dera nililiroweka. Unga ukigeuka uji ndani ya kitambaa unataka subira, na mimi sikuwa nayo, shughuli inaanza baada ya alasiri. Nikaenda na gauni la kijani la Idi ya mwaka uliopita. Piga picha: ukumbi mzima zambarau, wakwe, mashangazi, mawifi, halafu mimi kijani, peke yangu, macho yamevimba kwa kucheka na watu wanadhani nimelia. Habari zilikuwa zimenitangulia. Mabegani nilishikwashikwa na wanawake ambao sijawahi kuwaona. Mmoja aliniambia nisisuse chakula. Mwingine alijua mtu wa Bagamoyo, hataki hela nyingi.

Nilieleza mara ya kwanza, nikaeleza mara ya pili, kisha nikachoka. Mama mmoja mwenye miwani akanivuta pembeni karibu na masufuria ya pilau.

"Pole mwanangu. Nasikia na sare kakuharibia."

"Kaivaa, mama. Kaipaka na mafuta."

"Astaghfirullah. Na huyo mwanamke mwenyewe, ni mrefu kukushinda?"

"Hapana, mama," nikamwambia, nikamwonyesha kwa mkono. "Ananifika hapa, juu kidogo ya goti."

Akanikamata kiganja akakibana, akatazama huku na huku.

"Usimdharau," akaninong'oneza. "Wafupi ndio wabaya."