Usiniambie meli ina miaka mingapi, nionyeshe daftari lake

Siku yangu ya kwanza kama fundi mkaguzi nilipanda meli ya mizigo iliyotia nanga nje ya bandari ya Dar es Salaam, meli iliyokula chumvi nyingi kuliko mimi. Mgongoni nilikuwa na kipimo cha unene wa chuma, mega ya kupimia nyaya, nyundo ndogo na tochi mbili. Nilijiandaa kukuta kutu. Chumba cha mashine nilikikuta kina rangi, kijani mbichi, imepakwa hadi juu ya nati za vali. Nati iliyofunikwa na rangi haijaguswa na spana tangu brashi ilipopita.

Kipimo cha unene hakipendi rangi. Unakwangua mpaka chuma king'ae, unapaka jeli, unabandika kichwa cha kipimo, na mawimbi ya sauti yanaingia kwenye bamba na kurudi. Muda wa safari hiyo ndio unaokupa milimita. Bamba ambalo mchoro ulisema ni milimita 12 lilinipa 9, na hatua mbili mbele likanipa 7. Macho yasingeona tofauti yoyote.

Tangi la maji ya kusawazisha meli lilituchelewesha zaidi. Kutu inapotafuna chuma hula oksijeni, kwa hiyo tangi lililofungwa kwa miezi linaweza kumuua mtu bila moshi wala harufu. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Kipimo chetu kilisoma chini ya 19. Tukafungua mifuniko yote, tukawasha feni, tukasubiri. Msimamizi aliyetumwa na wenye meli akaanza kutuhimiza tuingie, kwamba muda unakwenda. Hapo sina lugha ya upole: anayemharakisha fundi kwenye mdomo wa tangi anachezea roho ya mtu.

Lakini kilichonibadilisha siku ile hakikutoka kwenye kipimo chochote. Kulikuwa na mzee mmoja, mtia mafuta wa mashine. Nilimwamkia, akaitika, akaniacha nizunguke na fomu yangu. Msimamizi alipopanda juu, akaniita. "Mwanangu, njoo nikuonyeshe." Akamulika nyuma ya tangi la dizeli. Vali ya kufunga mafuta kwa haraka, ile inayovutwa kutoka nje ya chumba moto ukiwaka, ilikuwa imefungwa waya isiweze kujifunga. Ilikuwa imechakaa, ikawa inajifunga yenyewe na kuzima jenereta safarini. Badala ya kutengenezwa, ikawekwa waya. Moto ungewaka humo, mngeivuta hiyo vali juu hadi mikono ichubuke, na dizeli ingeendelea kuulisha.

Kwenye fomu, mstari wa vali hiyo ulikuwa na tiki: ipo. Pampu ya moto ya dharura nayo ilikuwa na tiki. Pampu hiyo hukaa mbali na chumba cha mashine na kuwa na nguvu yake yenyewe, ili moto wa mashine usiwanyime maji. Nikaomba iwashwe. Haikuwaka. Nikafungua daftari la mashine: joto lilelile, shinikizo lilelile, saa baada ya saa, wiki tatu mfululizo, kwa kalamu moja. Mashine ya kweli haikai hivyo.

Tumezoea kulaumu umri. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma, na mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha Ziwa Tanganyika isiangukie mikononi mwa adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito. Iliibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Miaka kumi na moja tangu izamishwe! Kila nikikumbuka ile grisi nawaheshimu watu wale, kwa sababu hapakuwa na msimamizi wa kuwawekea tiki. Waliitunza mashine wakijua kuna mtu atakayeihitaji.

Ndiyo maana nataka fomu za "ipo, haipo" ziondolewe. Kila kifaa cha dharura kiwashwe, kivutwe, kifungwe mbele ya anayesaini, na saa iandikwe. Na kabla ya kutoa kipimo chochote mfukoni, mkaguzi akae na watia mafuta bila bosi pembeni, kisha awalinde. Wao hulala juu ya mitambo hiyo. Wanajua ipi inakohoa. Wananyamaza kwa sababu mkataba ni wa miezi michache na watoto wanasubiri ada.

Jioni, nikisubiri boti ya kunirudisha nchi kavu, mzee alinifuata kwenye ngazi.

"Umeandika ile ya waya?"

"Nimeandika, mzee."

"Na jina langu?"

"Halimo."

Akanishikia mfuko nikashuka.