FLAC Haithibitishi Kwamba Sauti Iko Salama

Mkondo wa sauti ukishaandikwa FLAC, muundo wa faili unaobana sauti bila kupoteza data, wengi huamini kwamba kilichomo ndicho kilichokuwa kwenye Blu-ray. Si lazima. FLAC hutunza kwa uaminifu chochote ilichopewa, hata kama kilishakatwa njiani. Msimamo wangu ni kwamba mkondo uliohaririwa bila kuhakikiwa sampuli kwa sampuli (sampuli ni kipimo kimoja cha wimbi la sauti) haustahili kuitwa sauti isiyopoteza data.

Kosa linaloniudhi kuliko yote ni hili. Mtu anasimbua (anafungua) mkondo wa DTS-HD Master Audio, muundo wa sauti wa Blu-ray, wa biti 24 kwa programu ya FFmpeg na kulipa faili jina linaloishia .wav. Asipoandika -c:a pcm_s24le, programu humpa PCM (sauti ghafi isiyobanwa) ya biti 16 bila onyo lolote. Biti 8 za chini za kila sampuli zimekwenda, na kuenkodi kwa biti 24 baadaye hakuzirudishi. WAV yenyewe pia ni nyembamba mno kwa filamu: huishia 4 GB. Chaneli 6 za biti 24 kwa 48 kHz (sampuli 48,000 kila sekunde) hula baiti 864,000 kila sekunde, kwa hiyo nafasi hujaa kabla ya dakika ya 83. Chaneli 8 hazivuki sana dakika ya 62. Tumia W64 au RF64, ndugu za WAV zisizo na kikomo hicho, au simbua moja kwa moja kwenda FLAC.

Lakini kabla ya kusimbua, jiulize kama kuna haja. Ikiwa sauti imechelewa tu au imetangulia kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, programu ya mkvmerge hurekebisha kwa --sync na mkondo hauguswi. Na kama ni TrueHD (muundo wa Dolby usiopoteza data) yenye Dolby Atmos, ukiisimbua kuwa PCM unabaki na chaneli za kawaida. Taarifa za vitu vya Atmos, yaani sauti moja moja na mahali zinapopaswa kusikika, hupotea. Hapo mimi ningeuacha mkondo kama ulivyo na kutafuta njia nyingine.

Kukata ndiko kunakotaka utulivu. Kwa video ya fremu 23.976 kwa sekunde, yaani 24000/1001, kila fremu moja ni sampuli 2002 kamili za 48 kHz, bila desimali. Kwa hiyo acha kukata kwa sekunde. Ukihesabu fremu kuanzia sifuri, fremu ya 1000 inaanza kwenye sampuli ya 2,002,000, na kichujio cha atrim cha FFmpeg hupokea namba hiyo kwa start_sample na end_sample. Kwa fremu 25 kwa sekunde, hesabu ni 1920. Kwa 29.97 ni 1601.6, na hapo lazima uzidishe kwanza ndipo ukadirishe hadi namba nzima. Ukikadirisha kila fremu peke yake, kosa linajilimbikiza.

Ukiunga vipande viwili bila kuvififisha, utasikia mlio mfupi wa "tak". Mfifisho wa milisekunde 5, yaani sampuli 240, kwa kawaida unatosha chaneli kuu. Tahadhari mbili. Kwanza, mfifisho wa kupishana (kipande kimoja kikififia huku kingine kikipanda) hula urefu: maungio kumi yakila sampuli 240 kila moja, umepoteza milisekunde 50, zaidi ya fremu nzima. Ongeza sampuli 120 kila upande kabla ya kuunga. Pili, chaneli ya LFE, ile ya besi nzito. Wimbi la 40 Hz huchukua milisekunde 25 kukamilika, kwa hiyo mfifisho wa milisekunde 5 huacha kishindo ambacho sabufa itakitoa waziwazi. Sogeza muungano hadi mahali LFE imenyamaza, au refusha mfifisho wa chaneli hiyo pekee.

Ukigawa chaneli kuwa faili za mono, zirudishe kwa mpangilio huu: kushoto, kulia, kati, LFE, kisha mzingo wa kushoto na wa kulia.

Sasa uhakiki. Kama hukukata kitu, linganisha MD5 (alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye data) za mikondo miwili kwa -c:a pcm_s24le -f md5. Ukisahau kutaja kodeki hapa, FFmpeg hulinganisha biti 16 tu, na mkondo uliopoteza biti 8 za chini unaweza kupita kana kwamba ni mzima. Kama ulikata, panga sehemu ambazo hukuzigusa juu ya za asili, geuza polariti ya upande mmoja (chanya iwe hasi), kisha jumlisha. Matokeo yawe sifuri tupu.

Yasipokuwa sifuri, kinachobaki hukwambia kosa liko wapi. Mvumo mwembamba usiobadilika ni ditha (kelele hafifu ya makusudi) ambayo programu ya kuhariri iliongeza wakati wa kutoa faili, izime. Filamu nzima ikisikika kwa sauti ya chini, kiwango kimeguswa, mara nyingi na kisimbuaji kilichotii namba ya usawazishaji wa mazungumzo: −27 hushusha kila kitu kwa desibeli 4, na kupandisha desibeli 4 baadaye hakurudishi sampuli zilezile. Na kama ni kimya hadi muungano wa tatu halafu sauti inaibuka, rudi kwenye muungano huo uhesabu sampuli upya.